Mwongozo mpya wa hukumu: aliyefungwa tayari anaweza kupunguziwa?

Nyar_Winam
Hamjambo. Kaka yangu alihukumiwa miaka 9 na hakimu wa Kakamega kwa kujeruhi vibaya. Alikamatwa 10 Januari 2022, akakaa rumande hadi siku ya hukumu, 10 Machi 2023. Hakukata rufaa. Sasa yuko Kodiaga, gereza la Kisumu. Tunasikia mwongozo wa hukumu wa Kenya ulifanyiwa marekebisho 2023. Unamsaidia? Na ni kweli jela mchana na usiku ni siku mbili?

Hakiki_Nakuru
Dada, mwongozo haumpunguzii mtu kifungo kwa kuchapishwa tu. Unamsaidia hakimu kupima adhabu. Katiba, ibara ya 50(2)(p), inampa mtu adhabu nyepesi sheria ikibadilika kati ya siku ya kosa na siku ya hukumu. Yeye ameshapita hapo.

Penye faida kwenu ni kifungu 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai: muda wa rumande lazima uzingatiwe. Mahakama ya Rufaa ilisema 2018 kwamba hakimu kuandika "nimezingatia" hakutoshi, kifungo chenyewe kipungue. Ombeni kuona hati ya kifungo iliyo gerezani. Ikiwa inaanza kuhesabu siku ya hukumu, kuna miezi 14 ya kudai.

Mchana na usiku ni porojo za mitaani. Kilichopo ni rimishoni, yaani punguzo la kifungo, ya theluthi moja kwa tabia njema na kazi, kifungu 46 cha Sheria ya Magereza. Miaka 9 hubaki 6. Kuanzia hukumu, anatoka Machi 2029. Kuanzia kukamatwa, Januari 2028. Utovu wa nidhamu ndani unaweza kuila hiyo theluthi.

Karani_Mstaafu
Niongeze pa kuteleza. Ombi liende Mahakama Kuu ya Kakamega, si Kisumu, hata kama amelala Kodiaga, kwa sababu ndiyo inayosimamia korti iliyomhukumu. Ambatisha hati ya mashtaka (ina tarehe ya kukamatwa), hukumu, mwenendo wa kesi na hati ya kiapo. Kama aliwahi kutoka kwa dhamana, siku za nje toeni wenyewe kabla mwendesha mashtaka hajazitoa mbele ya jaji.

Kutokata rufaa ni mwiba. Kifungu 364(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai hukataza mapitio (Mahakama Kuu kuipitia upya hukumu bila rufaa) kwa ombi la mtu aliyekuwa na haki ya rufaa akaiacha. Kwa hiyo ombeni 333(2) peke yake, msilalamikie ukali wa kifungo. Mkitaka kulalamikia ukali, ombeni kwanza ruhusa ya kukata rufaa nje ya zile siku 14, na mweleze sababu ya kuchelewa.

Nyar_Winam
Asante mzee. Na kutumikia jamii badala ya jela?

Karani_Mstaafu
Hiyo ni ya vifungo visivyozidi miaka 3; kwa vifungo virefu, majaji hutazama kama kilichobaki kimeshuka hadi hapo. Afisa wa probesheni atakuja kijijini, aulize chifu, aulize aliyejeruhiwa. Kama hamjaenda kuketi na ile familia, ripoti itarudi mbaya hata karatasi ziwe safi vipi.

Hakiki_Nakuru
Na asikudanganye wakala wa nje ya korti na "Muruatetu", ule uamuzi wa 2017 uliofuta ulazima wa hukumu ya kifo. Mahakama ya Juu ilisema Julai 2021 kwamba uamuzi ule ni wa kesi za mauaji tu. Kujeruhi hakumo.