Maneno ya Kiingereza yanayoanza na herufi zilezile: je, maana zake zina udugu?

Mkufunzi, Moshi
Habari za jioni, wanajamvi. Ninawafundisha Kiingereza vijana wanaojiandaa kuongoza watalii Mlima Kilimanjaro. Tumeona kwamba "glow", "gleam" na "glitter" yote yanahusu mwanga, na kwamba "sniff", "snore" na "snout" yote yanahusu pua. Kijana mmoja amehitimisha kuwa barafu ya kileleni huitwa "glacier" kwa sababu inang'aa juani. Je, niwaruhusu wakisie maana kwa herufi za mwanzo, au nitawapotosha?

Mfasiri, Arusha
Mwalimu, kijana wako ameona jambo la kweli, ila amelivusha mpaka. Mwaka 1930 mwanaisimu Mwingereza J. R. Firth alilipa jina la fonestimu kundi la sauti linalojirudia katika maneno yenye maana za kukaribiana, ingawa kundi hilo si kiambishi. Maneno mengi ya mwanga yanayoanza na gl- wanaisimu huyarudisha kwenye mzizi mmoja wa kale, uliozaa pia "gold" na "yellow". Hata "glad", ambalo leo ni la furaha, katika Kiingereza cha Kale lilikuwa na maana ya kung'aa. "Glacier" halimo katika ukoo huo, kwani limepitia Kifaransa kutoka neno la Kilatini la barafu. Nazo "gloves", ambazo kila mgeni hukumbushwa kuzibeba, hazihusiani na mwanga hata kidogo.

Mwalimu wa sekondari, Arusha
Naomba niongezee kuhusu pua, kwa sababu hapo pana jambo la kupendeza sana. "Sneeze" hapo kale lilianza na fn-, na mwanzo huo ulipofifia katika Kiingereza, neno likahamia kwenye sn- na kutulia miongoni mwa wenzake wa pua. Kwa hiyo kundi la namna hii huweza kuvuta neno la nje, kama Kiswahili kilivyolipokea "kitabu" kutoka Kiarabu, ambako ki- ni sehemu ya neno lenyewe, kikaliingiza katika ngeli ya KI-VI, na leo tunasema "vitabu" bila kusita. Hata hivyo, ngeli zetu zina upatanisho unaoongoza sentensi nzima, ilhali sn- haimlazimishi mtu chochote: "snow" na "snake" hayana habari na pua.

Mwongoza watalii, Moshi
Mwalimu, wafundishe maana kwanza, kisha muyapange makundi pamoja, ili herufi zisaidie kukumbuka na si kukisia. Mimi hulitumia "glare" ninapowaambia wageni wavae miwani ya jua, kwa kuwa mwanga unaorudishwa na theluji huumiza macho, na "glimpse" mawingu yanapofunguka kidogo Kibo ikaonekana kwa nukta chache. Yote mawili yanaanza na gl- na yote yanahusu kuona, lakini kijana akiyabadilishana, mgeni hatajua kwamba anaonywa.