Babangu halali tangu hukumu ya tarehe 5, anahesabu fomu upya. Nimsaidieje?

BintiLikoni (Jumapili 11 Septemba 2022, saa 4:10 usiku)

Wadau, hamjambo. Kwanza tuelewane: nikisema "baba" hapa ni babangu mzazi. Yule wa kwenye debe, ambaye wafuasi wake pia humwita Baba, nitamwita Raila, maana hata nyumbani tumeshakosana kwa kutojua ni baba yupi anayezungumzwa.

Babangu ana miaka 71. Alifanya kazi bandarini miaka 31, karani wa kuhesabu mizigo. Magunia yakishuka yeye yuko chini na kalamu anapiga vijiti, vinne vimesimama, cha tano kimelala juu yao. Mwaka huu alijitolea kuwa wakala wa Azimio, muungano wa Raila, kwenye kituo kimoja hapa Likoni. Tarehe 9 Agosti alitoka kabla ya adhana ya alfajiri, akarudi kesho yake saa mbili asubuhi, macho mekundu, na nakala yake ya fomu 34A, ile ya matokeo ya kituo, ameikunja ndani ya mfuko wa nailoni isilowe jasho. Hakula. Aliitia chini ya godoro akalala juu yake.

Jumamosi ya tarehe 13, hesabu za Bomas, pale kura za urais zilipojumlishwa, zilipomwonyesha Raila mbele, baba akaenda kununua mbuzi. Beberu mweupe, 7,500, akamfunga kwenye mwembe nyuma ya nyumba, achinjwe siku ya kutangazwa. Jumatatu Chebukati, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, akatangaza: Ruto 7,176,141, Raila 6,942,930. Baba akasema ngojeni, makamishna wanne wamekataa, hili ni la mahakamani, na 2017 si Jaji Mkuu Maraga alifuta uchaguzi? Tarehe 5 mwezi huu akavaa kanzu ya Idi akakaa mbele ya televisheni. Majaji saba, kauli moja: Ruto ameshinda. Aliinuka, akachomoa waya ukutani, akatoka kumpa mbuzi majani.

Tangu siku hiyo ana daftari la kurasa 200. Anafungua fomu za vituo moja moja kwenye simu yangu ya zamani, kioo kimepasuka, anasogeza kwa kidole na kuandika. Saa nane za usiku taa iko. Kwenye kahawa haendi tena, kwa sababu mtu alimuuliza "Mzee, mbuzi hajambo?" na baraza zima likaangua kicheko. Kaka yangu aliye Nairobi alitia picha ya mzaha kwenye kundi la familia, baba akatoka kwenye kundi bila neno. Vidonge vya presha nimevihesabu, kuna vya siku sita hakumeza. Na juzi nilipompelekea chai usiku aliniambia, "Mungu akinichukua kabla ya Jumanne, sitojuta."

Jumanne ndiyo Ruto kuapishwa uwanjani Kasarani. Jirani ameshasema atatoa spika nje. Niambieni, nifanyeje?

Ngumi_Mkononi (saa 4:31 usiku)

Akubali yaishe. Kura zimehesabiwa, mahakama imesema, kazi ni kazi. Mwambie achinje huyo mbuzi tule 😂

MtwapaKwetu (saa 4:40 usiku)

Wewe hapo juu, mtu anasimulia mzazi wake unaomba nyama?

Dada, mimi nimepiga hesabu tu. Vituo ni zaidi ya 46,000. Fomu moja ikimchukua dakika tatu, hizo ni saa 2,300. Yaani siku 96 usiku na mchana, bila kulala wala kwenda chooni. Mwonyeshe hiyo hesabu labda atacheka. Akikataa, bando likiisha usiongeze.

BintiLikoni (saa 4:52 usiku)

Nilimnyima bando Ijumaa. Jumamosi alikwenda kununua mwenyewe, na tangu hapo hanitazami usoni.

Muuguzi_Mstaafu (saa 5:20 usiku)

Binti, hebu siasa tuiweke pembeni kidogo. Nimekaa wodini miaka 27, na barua yako naisoma hivi: mzee wa miaka 71, presha, hajameza dawa siku sita, halali, halafu kasema neno la kufa.

Kesho asubuhi mpeleke akapimwe, pale pale anapochukulia dawa zake, na kadi yake mkononi. Usimpe vidonge viwili viwili kufidia alivyoacha, watu wengi hukosea hapo. Wakati wowote ukimwona mdomo umepinda, mkono umelegea au ulimi umekuwa mzito, usisubiri kuche na usimwite mtu kuja kumsomea kwanza, ni hospitali moja kwa moja.

Lile neno lake, wazee husema hivyo wakichoka, huenda ni uchungu tu. Lakini huenda si mazoea. Aulizwe waziwazi: unawaza kujidhuru? Watu huogopa kuuliza wakidhani watamtia wazo ambalo hakuwa nalo. Si hivyo. Mtu mwenye wazo hilo mara nyingi hupumua akipata wa kumwambia. Najua kwetu binti hamuulizi babake jambo kama hilo, basi tafuta anayeweza, ndugu yake au imamu anayemsikiliza. Akisema ndiyo, au ukaona anaanza kugawa vitu vyake na kuaga aga, asiachwe peke yake na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

MkulimaWaKitale (saa 5:45 usiku)

Mimi nilimpigia Ruto kura na nilifurahi, sitaficha. Lakini sikiliza. Mwaka 2007 huku kwetu Rift Valley tulikuwa upande huo huo wa babako. Tulimpigia Raila kwa wingi. Tarehe 30 Desemba alipotangazwa Kibaki na kuapishwa jioni ile ile, marehemu mzee wangu alikaa kwenye kigoda nje ya nyumba mpaka baridi ikamwingia. Yaliyofuata nchi nzima mnayajua, sitayarudia.

Nikikumbuka sasa, kushindwa alikuwa amekuzoea, alikuwa ameshindwa mara nyingi maishani. Kilichomvunja ni mpwa wake aliyepita akiimba. Mtoto wa dada yake, amemlisha kwa mkono wake! Walikufa hawajasalimiana vizuri.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni huyo kakako. Ampigie babako simu, na asianze na "ilikuwa utani tu baba". Aseme nimekosa. Na wewe uliyeandika habari ya kula mbuzi, tulishinda, sasa hivi ni sisi tunaotakiwa kuwa na adabu.

Ngumi_Mkononi (saa 5:58 usiku)

Sawa mzee wa Kitale. Dada niwie radhi.

Mpemba_Chake (Jumatatu 12 Septemba, saa 1:15 asubuhi)

Nakwandikia kutoka ng'ambo ya maji. Sisi tarehe 28 Oktoba 2015 tulikuwa tumekaa na redio tunangoja mshindi, Jecha, mwenyekiti wa tume yetu ya uchaguzi, akatoka akasema uchaguzi wa Zanzibar umefutwa. Babako wewe angalau kaambiwa kashindwa. Mzee wangu hakuambiwa kashinda wala kashindwa. Marudio yalipofanywa Machi 20 hakutoka hata mlangoni.

Tulimkosea tukimwambia "sahau, maisha yaendelee". Kila tukisema vile alizidi kukaa kimya, maana ilikuwa kama tunamwambia kilichompata si kitu. Na maneno yetu siyo yaliyomrudisha. Zilikuwa karafuu. Msimu uliingia, hakuna wa kuanika, akachukua majamvi mwenyewe. Kwanza akawa anafanya kazi hasemi na mtu, baadaye akaanza kututukana kwamba tunachambua vibaya, tukajua kapona.

Ila naye alikuwa hajamaliza. Maalim Seif, aliyekuwa mgombea wake mwaka ule, alipofariki Februari mwaka jana, mzee alilia kilio ambacho sijapata kumwona nacho, na nikahisi kile kilikuwa cha 2015. Usitake baba yako amalize kwa wiki moja.

Kadzo_M (saa 2:05 asubuhi)

Mmeandika yote, hakuna aliyeuliza: na mama je?

BintiLikoni (saa 3:30 asubuhi)

Kadzo umenigusa. Mama hasemi. Yeye kila mwaka wa kura hufunga nguo zake mbili na vyeti vyetu kwenye shuka, na fundo lile huliweka nyuma ya mlango. Alianza hivyo baada ya ghasia za Likoni za Agosti 1997, mimi nilikuwa mdogo. Mwaka huu hakukutokea kitu mtaani kwetu, alhamdulillahi, lakini leo asubuhi nimetazama, fundo bado liko pale. Sasa ndiyo naelewa kwa nini mama hamlaumu baba kukesha. Naye yuko macho.

Muuguzi, ahsante. Nimezungumza na amu, ndugu yake baba, yuko njiani anavuka feri.

KaraniMwenzake (saa 4:48 asubuhi)

Nimesoma mpaka mwisho kwa sababu ya vile vijiti. Mimi pia nilikuwa karani bandarini, huenda babako tulipishana.

Acheni niwaeleze kitu cha kazi ile. Meli ina karani wake na nchi kavu ina karani wake. Wote wanahesabu shehena ile ile. Zamu ikiisha hamwondoki mpaka mlinganishe karatasi, wewe unasoma, yeye anasoma. Zikipishana kwa gunia moja mnarudi nyuma mstari kwa mstari hata kama basi limekuacha. Zikilingana mnatia sahihi, na usingizi wake ni mtamu sana.

Babako kasimama siku nzima na usiku wake, kahesabu, katia sahihi, karudi nyumbani. Halafu? Kuna mtu yeyote alimwambia "tuone karatasi yako"? Nyinyi mmemuuliza habari za Raila na Ruto, kula na kulala. Karatasi yake hakuna aliyeitazama. Mwombe akuonyeshe. Ile yake tu, hizo elfu arubaini ziache. Tafuteni picha ya kituo chake kwenye tovuti ya tume, mmoja asome hiki, mwingine asome kile.

MtwapaKwetu (saa 5:02 asubuhi)

Na zisipolingana?

KaraniMwenzake (saa 5:06 asubuhi)

Basi atakuwa na haki ya kutolala.

BintiLikoni (Jumanne 13 Septemba, saa 3:40 usiku)

Nimerudi. Nitaandika kwa haraka, nimechoka.

Jana amu alikaa naye chini ya mwembe, mimi nikiwa jikoni na masikio nje. Alimuuliza lile swali la Muuguzi, hakulizungusha. Baba akanyamaza muda, akasema hapana, hana wazo la kujiua, amechoka tu na hataki kuiona Jumanne. Amu akamjibu, "Basi Jumanne hatutokuwepo."

Leo saa mbili asubuhi, kabla jirani hajafungua spika, tukavuka feri sisi watatu. Presha 176 kwa 104. Daktari alimkaripia kwa heshima, akampa dawa na tarehe ya kurudi. Tulikula viazi karai Mama Ngina tukitazama meli. Huko Kasarani walikuwa wanaapishana, baba anatuhesabia makontena ya meli inayoingia na kutuambia iliyopangwa vibaya. Mara moja tu aliuliza saa ngapi.

Usiku huu nikamwomba fomu. Nilidhani atakataa. Alinyanyua godoro, akatoa ule mfuko wa nailoni, akaifungua kwenye meza na kuilaza kwa viganja viwili kama anapiga pasi. Mikunjo imeanza kukatika. Mimi nikatafuta kituo chetu kwenye simu. Nikasoma: Raila 312. Akasema, 312. Ruto 97. Akasema, 97. Wajackoyah 3, Waihiga 2, zilizokataliwa 4. Zote zikalingana. Nikamkuzia picha pale chini penye sahihi za mawakala. Aliitazama sana ile sahihi yake, ile *R* yake yenye mkia. "Hii yangu," akasema. Mama akaja akasimama nyuma yake kutazama.

Halafu akaniuliza, "Na za kule?"

Nikamjibu kwamba za kule sikuwepo, na yeye hakuwepo, alikuwepo karani mwingine naye alisimama mpaka miguu ikavimba. Hakunijibu. Sijui kama alikubali. Alifungua daftari, kwenye mstari wa kituo chetu akatia alama ya vema, akalifunga.

Kaka alipiga simu saa kumi na mbili. Alisema nimekosa, kama mzee wa Kitale alivyofundisha. Anakuja Ijumaa na basi la usiku. Baba akamwambia aje na kisu kizuri, mbuzi amenona na majani ya mtaa yamekwisha. Nikamuuliza, tutachinja kwa ajili ya nini sasa? Akasema, "Kwa ajili ya njaa."

Dawa amemeza mbele yangu. Taa yake imezimwa saa tatu. Daftari limerudi chini ya godoro, na kalamu nimeiona ndani yake.

Kadzo_M (saa 3:55 usiku)

Na fundo la mama?

BintiLikoni (saa 4:01 usiku)

Bado liko nyuma ya mlango. Ila leo ametoa shuka ya juu, anasema ataifua kesho.