Buku tano mbele ya wageni! Eti "kanywe kahawa urudi kwenye usukani"

Wakuu, nimetoka uwanja wa ndege wa Kisongo, Arusha, sasa hivi, nimesimama hapa Mbauda naandika huku mikono inatetemeka. Mimi ni rubani, na bosi wangu simtaji. Aliyewahi kukanyaga pale uwanjani hata mara moja anamjua: kofia ya pama, redio mbili kiunoni, anatembea kama vile Mlima Meru kaupangisha yeye.

Leo nimeamka saa 10 alfajiri. Saa 12 na nusu nipo angani, napeleka wageni viwanja vya mbugani: Manyara, Seronera, Kogatende, narudi, sijakojoa nageuza tena Ndutu, narudi. Rubani mmoja, injini moja. Kogatende nimezunguka mara mbili nikisubiri nyumbu watoke kwenye uwanja wa vumbi. Nyuma huko watu wanashangilia na kupiga picha, mimi mbele nahesabu mafuta.

Saa 10 na nusu jioni nazima injini, shati limelowa kama nimevushwa mto. Naambiwa kuna wageni wanne wamebaki, wapeleke Ndutu. Nikamwambia kwa heshima zote: bosi, saa zangu za kazi za leo zimeisha, na nimechoka.

Akatia mkono mfukoni. Mbele ya wale wageni wanne, mbele ya vijana wa mizigo, mbele ya mama wa maji. Akatoa buku tano, noti ya elfu tano, imekunjwa kama hirizi, akanibandika kiganjani: "Kanywe kahawa urudi kwenye usukani."

Buku tano, wakuu. Usukani!

Mzee wangu wa Kibosho aliuza kiwanja cha Boma Ng'ombe na ng'ombe wawili, kwa kuwa kihamba, shamba la ukoo, hakiuzwi, ili nikasomee urubani Afrika Kusini. Mpaka ufikishe saa 200 za kuruka ndiyo unapata leseni ya biashara, ukitaka ile ya juu kabisa ni 1,500. Daktari wa anga ananipima moyo, macho na masikio kila mwaka, na nikifika miaka 40 itakuwa kila miezi sita kwa sisi tunaobeba abiria tukiwa peke yetu. Yeye nani anampima? Mshahara wa mwezi jana umekuja vipande viwili kama doti ya khanga. Masika tunaambiwa vumilieni, wageni hawapo. Msimu ukichanganya tunaambiwa vumilieni, wageni ni wengi.

Februari 2009 ndege ya panga boi ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, wakafa watu 50. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle kuja kazini. Wachunguzi waliandika wazi kwamba uchovu unaelekea uliwapunguzia marubani wale uwezo, na baadaye Marekani wakabadili kanuni za mapumziko. Huku kwetu uchovu unatibiwa kwa buku tano! Tena imechanika pembeni!

Nimeiweka juu ya mizani ya mizigo nikaondoka. Mshale haukusogea.

Kiboriloni Kwetu: Huyo hata usingetaja kofia ningemjua. Kuna fundi aliripoti mlio kwenye ndege akajibiwa "masikio yako ndiyo yana mlio". Pole sana mkuu.

Mzee wa Sakina: Kahawa ya kijiweni ni mia mbili. Umekataa vikombe 25, kijana. Kwa vikombe 25 ungefika Ndutu bila ndege.

Mleta uzi: Shikamoo mzee wangu. Ila hili siwezi kulicheka. Abiria wanaokaa nyuma yangu hawajui nililala saa ngapi. Na yule mama wa maji aliinamisha kichwa kwa aibu, aibu ambayo haikuwa yake.

Kapteni Mstaafu: Mwanangu, hujakosea. Kiambatisho cha 2 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kinasema uamuzi wa mwisho ni wa rubani kiongozi. Andika ripoti leo leo, weka saa zote, baki na nakala.

Dereva wa Vumbi: Marubani mnadeka. Sisi tunatoka Arusha na gari, Mto wa Mbu, Karatu, lango la Loduare, Naabi, mpaka figo zimebadilishana upande. Tukifika wageni wanaenda kuoga, sisi tunalala sita chumba kimoja na mmoja anakoroma kama jenereta. Wewe lisaa limoja umefika, unalalamikia kahawa!

Mpagazi wa Marangu: Chumba? Unalala chumba? Ukomo wa mzigo mlimani ni kilo 20. Mizani ya getini ikishapita unasikia "ongeza na mtungi wa gesi hapo". Nimeshuka jana, siku sita, tipu ikagawanywa nikapata elfu thelathini na viazi vilivyobaki.

Dereva wa Vumbi: Viazi si ni chakula? Mimi mwezi wa nne nilikula embe siku mbili.

Kiboriloni Kwetu: Mwezi wa nne embe ulizitoa wapi?

Mama Njiro: Samahani jamani, mnaopanda Noah za Moshi jioni, hivi bei imepanda lini? Leo tumebanwa wanne kiti cha watatu, goti la baba mmoja lipo mbavuni kwangu mpaka Usa River.

Mpagazi wa Marangu: Hao wa Noah ni mashetani. Juzi walitaka nilipie begi.

Mleta uzi: Wakuu, mada ni buku tano.

Mama Njiro: Ndiyo hiyo hiyo waliyonitoza, na mtoto nimempakata!

Kiboriloni Kwetu: Noah ya rangi gani, dada? Ile nyeupe yenye kioo cha nyuma cha nailoni?

Mama Njiro: Hiyo hiyo!