Ule mutu wa kucha ameniaibisha mbele ya batu bote, faksi ni kisingizio tu

dada_wa_profoma (Lubumbashi)

Sitaje jina. Sina haja. Kila mwenye alishapita ku biro yetu hata mara moja anamujua, eko na kravati moja tangu dunia iumbwe na kucha ya kidole cha mwisho refu kuliko shemine ya Gécamines, ile kompanyi ya shaba, ile kucha anaitunzaka kama mutoto wa kifungua mimba, mi naamini iko na paspoti yake.

Sikieni. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, faksi yetu inanichezea. Inalia, inashika laini, inapiga ile kelele yake ya mbuzi mwenye kukabwa koo, karatasi inatoka polepole, inatoka, inatoka, nyeupe pe. Kurasa ine. Ule papa wa Japani mwenye kutuuzishaka vipuri vya magari anatuma profoma, ile karatasi ya bei mbele ya kulipa, mi napokea theluji. Anauliza kama nimepata. Nimepata nini, papa?

Nimefanya yote. Nimebeba simu ya pembeni nisikilize kama laini inalia: inalia. Nimechomoa kable nikaipuliza, nikaangalia kama iko ku tundu ya LINE na si ile ya EXT, nikazima, nikahesabu dakika kumi, nikawasha. Nimepangusa kioo na pamba ya alkoli mpaka biro ikanuka hopitali. Jumatano nilifunga, sikukula hata mukate, juu ya faksi.

Leo saa ine ya asubui, bakiliya sita ku benchi bananingoja, patro amesimama pa mulango, mama wa mikate eko na beseni pa kichwa, njo mutu wa kucha anaingia. Hasalimie. Anafungua kifuniko, anatosha rulo ya karatasi, anakata kipande cha kutosha kiganja, anakilaza JUU YA DOSIE YANGU, anapitisha kucha. Hakuna kitu. Anageuza karatasi upande mwengine, anapitisha tena: krrrrr. Musitari mweusi tii. Kisha ananiangalia, anageukia batu, anasema, na sauti ya mutu wa harusi: "Muone, hata kucha yangu inaandika. Ni huyu mwana njo hajue kuandika."

Hata kucha yangu!

Bakiliya balicheka. Patro alicheka. Mama wa mikate alicheka mpaka beseni ikayumba, na ule mama mi njo namukopeshaka franga kila mwisho wa mwezi.

Basi sawa, rulo iliwekwa kinyume, ile karatasi haina wino, ni moto njo unaiandika, na upande wenye dawa ulikuwa haugusi kile kichwa cha moto, nimekubali, nimeelewa, mi si mupumbafu. LAKINI RULO ILIWEKWA NA NANI IJUMAA?? Mi Ijumaa nilikuwa Kasumbalesa nafuata lori! Ni yeye! Aliweka yeye, kinyume, na mukono ule ule, halafu siku tatu ananiangalia nikisugua kioo, ananyamaza, anangoja bakiliya bajae ndiyo akuje na kucha yake. Krrrrr. Nimeisikia ndani ya taksi-bisi. Nimeisikia ku nyumba mama akikwangua sufuria ya bukari. Mutu akikwangua kitu karibu yangu leo nitalia.

---

Kamalondo_wa_Kwanza
Pole dada. Lakini siku TATU? Karatasi iko na pande mbili tu. Hata kwa bahati ungepata.

mama_bukari
"Hata kucha yangu inaandika" 😂😂😂 nimeangukia ndani ya jiko. Samahani yaya, niko upande wako, naapa niko upande wako, ila ule mutu nampa mukono.

fundi_wa_masini
Dada, siku nyingine kabla ya kugusa kable weka karatasi yenye maandishi ndani ya faksi yenyewe, ubonyeze kopi. Kopi ikitoka nyeupe, ugonjwa uko pa rulo ao pa kichwa cha moto, laini usiiguse. Kopi ikitoka nzuri njo uanze kufuata laini. Na kama kurasa zilikuwa zinatoka ine sawasawa vile zilitumwa, laini yenu ilikuwa nzima tangu Jumatatu, ulikuwa unapuliza kable ya batu bure.

dada_wa_profoma
Kwa hiyo na weye umekuja na kucha yako.

Tembo_wa_Ruashi
Mi niko na swali moja dogo. Faksi? Leo hii? Papa wa Japani hana WhatsApp?

dada_wa_profoma
Anataka karatasi, na kashe (muhuri), na sinyatire. Hivyo njo beko. Uende umufundishe.

Kamalondo_wa_Kwanza
Tembo ujue Japani mwaka 2021 serikali yao ilitaka faksi ziishe ku mawizara, wafanyakazi wa serikali wenyewe bakakataa mpaka mupango ukalala. Sasa baache faksi juu ya weye wa Ruashi?

shaba_bila_waya
Mi sijali kucha, nashangaa tu kwamba muko na laini. Pa avenyu yetu waya wa simu uliibwa kitambo. Muji wa shaba huu, malori ya shaba yanapita usiku na muchana yanatutikisia vitanda, na mi siwezi pata waya wa kusema alo. Tuliweka kale ka boksi ka kadi ya simu, faksi ikapiga kelele kama iko inazaa, haikutuma hata ukurasa moja. Na nilikalipa dola!

fundi_wa_masini
Shaba, mutandao wa telefone ya mukono unabana sauti, umetengenezwa kwa kinywa cha mutu. Zile filimbi za faksi zinafika upande mwengine zimevunjika. Hata ungeipigia magoti. Kwa laini ya intaneti angalau unaweza kushusha mwendo, toka biti 14400 kwa sekunde mpaka 9600, mara nyingi inakubali.

shaba_bila_waya
Asante fundi, ila nilishaiuzisha. Mwenye kuinunua ameweka kuku juu, inataga.

Kadutu_juu (Bukavu)
Nyinyi watu wa Lubumbashi mnalia kwa kucha. Mimi hapa Bukavu nililipia mzigo mwaka 2022, wakanipa risiti ya hiyo hiyo karatasi ya moto, nikaitunza vizuri, ndani ya plastiki, ndani ya gari, pale mbele kwenye jua ili nisiisahau. Juzi wananiomba niionyeshe. Naitoa kwa heshima yote: nyeupe. Hakuna hata nukta. Yule bwana anaigeuza, anaigeuza tena, ananiuliza "Hii ni karatasi ya nini, papa?" NIMELIPA MARA YA PILI.

mama_bukari
Weeee. Mara ya pili? Yote?

Kadutu_juu
Yote, mama. Na risiti mpya wakanipa ya karatasi ile ile.

fundi_wa_masini
Hiyo karatasi haipendi joto wala jua, maandishi yanakufa. Fotokopi siku ile ile, ndugu. Siku ile ile.

Virunga_mtoto (Goma)
Kadutu mwenzangu nisikilize. Mimi nilisikia kwamba zinafutika, nikajiona mjanja, nikabeba risiti yangu kwa kijana mwenye mashine ya plastifie, ile ya kufunika karatasi kwa plastiki. Ile mashine si inatumia moto? Risiti iliingia nyeupe na maandishi mazuri, ikatoka nyeusi yote kama sufuria ya makala. Ngumu, inang'aa, haiingii maji. Na kijana akadai pesa yake.

Tembo_wa_Ruashi
😂😂😂 haiingii maji

dada_wa_profoma
Jamani uzi huu ni wa mutu wa kucha. Amenitukana mbele ya patro.

Kadutu_juu
Virunga, sasa nyeupe na nyeusi ni ipi afadhali?

Virunga_mtoto
Nyeupe! Yako wewe hata kucha ingeandika kitu. Yangu hata kucha haiwezi.

mama_bukari
Nimeanguka tena. Bukari imeungua.

shaba_bila_waya
Kuna mutu anauzisha zile rulo za faksi za milimita 210? Kiliya mumoja ananisumbua. Niko Kenya. Kenya ya huku Lubumbashi, musianze.

Kamalondo_wa_Kwanza
Umuulize mutu wa kucha, eko na katoni mbili chini ya meza. Bei nzuri, na anakujaribishia kila rulo bure mbele yako.