Mliokuwa mkienda Disney World kila mwaka, ni nini kiliwafanya muache?

Mzizima_Jax

Wakuu, salaam. Niko Jacksonville, Florida, mwendo wa saa mbili na kitu kwa gari mpaka Orlando. Familia kadhaa za Watanzania na Wakenya wa hapa tulikuwa na desturi yetu. Wiki ya Krismasi, shule zikishafungwa, tunaondoka alfajiri magari yakifuatana, tunakwenda Disney World, zile bustani kubwa za michezo. Wengine walikuwa na pasi za mwaka kabisa, wanakwenda hata Jumamosi isiyo na sababu. Kina mama walichapisha fulana zenye majina ya koo.

Mwaka huu nimeuliza kwenye kundi letu la WhatsApp nani yumo. Mmoja akasema atawapeleka watoto ufukweni. Mwingine akasema Universal, washindani wa Disney, wamefungua bustani mpya ya Epic Universe tangu Mei 2025, labda huko. Wengi hawakujibu kabisa, na hao ndio waliokuwa wakinihimiza mimi miaka ile.

Bei zimepanda, najua. Lakini watu hawa hawa wanakata tiketi za ndege kwenda Dar na Mombasa, familia nzima, na hawanung'uniki. Kwa hiyo naona kuna jambo jingine. Nawauliza mliokuwa wapenzi wa kweli wa pale, si wa kwenda mara moja kupiga picha: ni nini hasa kiliwaondolea hamu?

Kiboko_wa_Atlanta

Mkuu, usiiache pesa nyuma haraka hivyo. Walipofungua Oktoba 1971 kiingilio kilikuwa dola 3.50, halafu michezo ya kupanda unainunulia kuponi. Mwaka 2015 tiketi ya siku moja ya Magic Kingdom, bustani yao ya kwanza, ikavuka 100 kwa mara ya kwanza, ikawa 105. Mwaka 2023, siku za sikukuu, ikafika 189. Zidisha kwa baba, mama na watoto watatu, weka maegesho, weka chakula cha mchana. Siku tatu za pale zinakaribia kodi ya nyumba ya mwezi.

Na nauli ya Dar ni ya kwenda kumwona mama. Hiyo hata iwe ngapi mtu atalipa.

BintiShela

Hamjambo nyote. Mie ni mtu wa Lamu, naishi Kissimmee, jirani na Orlando, na pasi ya mwaka nilikuwa nayo kwa muda mrefu mpaka nilipoamua kutoihuisha. Kaka Mzizima, swali lako nimeishi nalo kitambo, kwa hivyo nivumilie, nitaandika kirefu.

Mapenzi yangu yalikuwa Animal Kingdom, bustani ya wanyama ya pale Disney, na ndani yake hasa ule mji wa Harambe. Kwa asiyepajua: Animal Kingdom ilifunguliwa tarehe 22 Aprili 1998, na wabunifu wake, wakiongozwa na Joe Rohde, walisafiri Afrika Mashariki kutazama kabla ya kujenga. Harambe ni mji wa kubuni tu, lakini mtu wa pwani akiingia anatambua mara moja walitazama wapi. Kuta zimebanduka chokaa kwa makusudi, mapaa yameezekwa nyasi, mabango ni ya Kiswahili, na ukutani pameandikwa Uhuru 1961. Huo ni mwaka wa Tanganyika, sisi Kenya ni 1963, na kila tukipita hapo niliwasomesha wanangu tofauti hiyo. Ukitoka mjini unapanda lori la Kilimanjaro Safaris na kuona twiga, viboko na tembo walio hai. Kwa watoto waliozaliwa Florida, wenye mama anayesema Kiamu nyumbani, kuona maneno ya nyumbani yameandikwa makubwa mahali ambapo dunia nzima inakuja kulikuwa na uzito ambao sijapata mfano wake hapa Marekani.

Mamangu alipokuja kunitembelea nilimpeleka. Hakupanda chochote ila lile lori. Muda uliobaki alikaa pale Harambe, bendi ya Burudika inapiga, anatazama wapitao kama anavyotazama barazani kwetu Shela. Wajukuu walichoka, yeye hataki kuinuka. Siku ile ndipo nilipojua mie mwenyewe nilikuwa nafuata nini pale. Nilikuwa nafuata kukaa. Nilikuwa natoka kazini alasiri, naingia, nakunywa kitu baridi, naona wanyama kidogo, narudi nyumbani. Sikuwa na mpango wowote, na sikuuhitaji.

Sasa ndiyo nikujibu. Kilichotuondoa wengi wetu, kwa maoni yangu, ni kwamba mahali pale pameacha kumfaa mtu anayepajua na anayependa kukaa.

Anza na FastPass. Ilipoanza 1999 ilikuwa karatasi. Unakwenda kwenye mashine iliyo mlangoni mwa mchezo, unaingiza tikiti yako, inakutolea kikaratasi kinachosema rudi kati ya saa fulani na saa fulani, na ukirudi foleni yako ni fupi. Haikuwa na malipo hata senti. Mwenyeji alijua mashine ipi iendewe kwanza asubuhi, mchezo upi uachiwe mpaka watu waende kutazama gwaride, upi hauna watu mvua ikinyesha. Ujuzi huo tuliupata kwa kwenda na kurudi, tukaufundishana, tukawapokea nao wageni kutoka nyumbani. Mgeni akija Orlando akiniuliza afanye nini, nilikuwa na la kumwambia.

Bustani zilifungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, zikaanza kufunguliwa Julai. FastPass haikurudi. Oktoba 2021 ikaja Genie+, huduma ya kulipia foleni fupi, dola 15 kwa kila mtu kwa siku, baadaye bei ikawa inabadilika na siku za msongamano ikapita 30. Na michezo mikubwa kabisa haikuwamo humo, ile inalipiwa peke yake. Mwaka 2024 jina likawa Lightning Lane Multi Pass. Mwaka huo huo ikaja nyingine, Premier Pass, unayoweza kuitumia bila kupanga saa, kwa dola kati ya 129 na 449 kwa kichwa kwa siku moja, juu ya tikiti. Tazama basi ni kitu gani kinachouzwa hapo kwa dola 449. Ni ile ruhusa ya kutembea bila kupanga! Kile ambacho mashabiki wa zamani walikuwa nacho kwa kujua tu.

Ujuzi wetu ukakosa kazi. Mtu anayekuja mara moja katika maisha yake, akiwa na pesa, sasa anapita vizuri kuliko yule aliyepapenda kwa miaka ishirini. Simlaumu mgeni, ametoka mbali na anataka aone vitu. Lakini yule wa miaka ishirini naye anaona kwamba hesabu haimhitaji tena.

Halafu kulikuwa na kuweka nafasi. Kuanzia Julai 2020 hukuweza kuingia bila kusema mapema siku gani na bustani gani, na kwa tikiti za kawaida sharti hilo liliondolewa Januari 2024 tu. Kwa anayetoka Ohio na hoteli yake ameshalipa haikuwa tabu kubwa. Kwa jirani mwenye pasi, ambaye raha yake ilikuwa kuamka na kusema leo twende, ilikuwa imekata mzizi. Na desturi ikikatika miaka mitatu, hairudi yenyewe kwa sababu sharti limeondolewa. Watoto wameshakua, Jumamosi zimeshapata kazi nyingine: mpira, madrasa, kanisa.

Kuna basi la bure la kutoka uwanja wa ndege, Magical Express, lililoanza 2005 na kusimamishwa mwanzoni mwa 2022. Kuna zile saa za ziada za usiku ambazo zamani kila mgeni wa hoteli zao alizipata, hata wa hoteli ya bei nafuu. Sasa wote wanapata nusu saa ya asubuhi, na usiku umebaki wa hoteli za ghali. Hivi ni vidogo kimoja kimoja. Lakini shabiki hujenga siku yake kwa vidogo hivyo.

Na la mwisho ndilo linaloniuma zaidi. Julai 2025 walifunga mto wa Magic Kingdom, Rivers of America, pamoja na meli yake ya magurudumu na kisiwa cha Tom Sawyer. Mto ulikuwapo tangu 1971, kisiwa tangu 1973. Panajengwa eneo la magari ya filamu ya Cars. Nina hakika litakuwa zuri na litajaa watu. Lakini kisiwani watoto walikimbia tu. Hapakuwa na foleni ila ya boti, hapakuwa na mchezo, kulikuwa na mapango, daraja linaloyumba na viti vya wazazi. Mahali pa namna hiyo hapaingizi pesa, na ndipo hasa walipokuwa wakikaa watu wa aina ya mamangu.

Tumaini_Tampa

Dada BintiShela, nimesoma mpaka mwisho na nimeguswa, ila mimi bado naenda na nitasema kidogo upande wa pili.

Hata ile FastPass unayoisifu haikufa ikiwa karatasi. Kuanzia 2014 hivi ilikuwa imeshakuwa FastPass+, ya kwenye simu, na mgeni wa hoteli alichagua saa zake siku 60 kabla. Mimi nakumbuka nimekaa kitandani na simu, nachagua saa ya mchezo wa miezi miwili mbele. Kwa hiyo kupanga kulianza zamani. Na kufunga vitu kulianza zamani pia: mchezo wa Maelstrom wa upande wa Norway, pale Epcot, bustani yao nyingine, uliondoka 2014, Great Movie Ride 2017, na kila mara kuna waliolia.

Mwanangu wa kwanza alilia Splash Mountain, ule mchezo wa maji, ilipofungwa Januari 2023. Mdogo wake haijui kabisa. Yeye wake ni Tiana, iliyofunguliwa hapo hapo Juni 2024, na anashuka amelowa, anacheka, anataka arudie. Huyu naye atakuwa shabiki wa zamani siku moja. Sitaki aanze maisha yake ya kupenda mahali kwa kuambiwa amechelewa.

Na tuseme ukweli, wengine walioacha ni kwa sababu watoto wao wana umri wa chuo kikuu.

BintiShela

Dada Tumaini, la FastPass+ umesema kweli na nalikubali bila ubishi. Ila ilikuwa bure bado, na asiyepanga alipata zilizobaki siku ile ile. Kuhusu mwanao mdogo, Mungu amkuze, na aipende Tiana kwa moyo wake wote.

Lakini tutenganishe mambo mawili. Maelstrom iliondoka ukaja mchezo wa Frozen mahali pake. Splash iliondoka ikaja Tiana, kwenye mlima ule ule na maji yale yale. Hapo mtu amepoteza kitu na amepewa kitu cha jinsi hiyo. Mto haukubadilishwa na mto. Na waigizaji wa mtaani waliokuwa wakizungumza na watu pale Hollywood Studios, bustani yao ya filamu, wale Citizens of Hollywood, hawakubadilishwa na waigizaji wengine. Septemba 2020 kampuni ilitangaza kupunguza watu 28,000 kwenye kitengo chake cha bustani na biashara zinazoandamana nazo. Msomaji wa habari aliona namba. Sisi tuliokuwa tukikaa tuliona nyuso, kwa sababu mtu anayekaa mahali hujuana na wanaofanya kazi pale.

Kwa hivyo kwangu si suala la upya. Pandora, lile eneo la Animal Kingdom, ilipofunguliwa 2017 niliipenda sana, na haina hata umri wa kuitwa ya zamani. DinoLand, eneo jingine la humo humo, ilianza kufungwa 2025 ili lije eneo la nchi za joto za Amerika, na sina kinyongo nayo. Nitakwenda kuitazama. Ninachopima ni kimoja: katika kila mita mia za pale, nimebaki na wapi pa kukaa pasipouzwa saa?

Mzizima_Jax

Dada, shikamoo kwa maelezo haya. Nimemsomea mke wangu, akasema ndiyo hasa, yeye alikuwa anapenda ile meli kwa sababu ndipo alipopumzika na mtoto mchanga. Mimi miaka yote nilidhani anaipenda meli.

Sasa nisaidie. Watoto wangu wawili wadogo hawajawahi kuiona Harambe. Nisiende?

BintiShela

Marahaba. Nenda, ila usiende wiki ya Krismasi, na usiende kutaka vyote. Chagua Animal Kingdom peke yake siku moja. Ingia mlango unapofunguliwa, nyoosha moja kwa moja mpaka Kilimanjaro Safaris kabla jua halijawa kali na wanyama hawajatafuta vivuli. Kisha rudini Harambe mtembee polepole, uwasomeshe watoto mabango. Onyesho la Festival of the Lion King liko hapo hapo, litazameni na kupumzika kwenye kiyoyozi. Mkichoka mwondoke, hata kama ni saa nane mchana.

Na kama mkeo anachotaka ni kukaa, mpeleke Animal Kingdom Lodge, hoteli yao ya tangu 2001. Kula pale hakuhitaji tikiti ya bustani. Upande wa Kidani Village kuna mkahawa unaoitwa Sanaa, madirisha yake yanatazama uwanda wenye twiga, pundamilia na ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu. Agizeni mikate, inakuja ya aina mbalimbali na michuzi yake mingi, inatosha meza nzima. Mkimaliza, nje kuna mahali pa kusimama na kuwatazama wanyama kwa utulivu, na hakuna anayewauliza saa yenu ni ngapi. Miongoni mwa wafanyakazi kuna vijana kutoka nchi za Afrika, vibandiko vyao vya jina vinaonyesha nchi. Wasalimuni kwa lugha, mtaona.

Mzizima_Jax

Meza ya Sanaa inahitaji kuwekwa mapema?

BintiShela

Ndiyo, nafasi zinafunguliwa siku 60 kabla. Omba ya mapema jioni, na uombe ya dirishani, ingawa hawaahidi.