Umeachishwa kazi ugenini: muda wa kufungua shauri haukusubiri

Ndugu zangu,
Nimekabidhiwa barua ya kuachishwa kazi, na meneja ananisihi nisipeleke shauri popote mpaka mazungumzo ya ndani yamalizike. Naomba ushauri wenu.

Jibu la kwanza

Pole sana, ndugu yangu. Zungumza nao kwa heshima, lakini usiwasubiri, kwa sababu mazungumzo ya ndani kwa kawaida hayasimamishi muda wa kisheria, na muda wenyewe ni mfupi kuliko wengi wetu tunavyodhani. Ujerumani mfanyakazi ana wiki 3 tangu apokee barua, na Australia ni siku 21 tangu kuachishwa kuanze kutekelezwa. Marekani, ambako waajiri wengi wanaweza kumwachisha mtu bila kueleza sababu, malalamiko ya ubaguzi hupelekwa kwenye tume ya serikali kuu ndani ya siku 180, au 300 pale ambapo jimbo lina chombo chake cha kushughulikia ubaguzi huo.

Mkataba Namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unataka pawepo sababu halali, na mtu anayetuhumiwa apewe nafasi ya kujitetea kabla ya kuachishwa. Si kila nchi imeuridhia, kwa hiyo soma sheria ya mahali ulipo, na kama uko kwenye chama cha wafanyakazi, wapigie leo.

Linalonihangaisha zaidi ni hati ya maridhiano. Ukiisaini, mara nyingi umeachia haki ya kudai tena, hivyo omba siku chache uipeleke kwa mwanasheria. Katika usuluhishi, msuluhishi hamwamulii mtu, bali huzisaidia pande mbili zikubaliane. Unaweza kuomba fidia, malipo ya likizo ambayo hukuichukua na barua nzuri ya utambulisho. Ila usikubali kuandikwa kwamba umejiuzulu kabla hujajua kama maneno hayo yatakunyima mafao ya ukosefu wa ajira.

Kibali cha ukaazi kinachotegemea mwajiri ni suala la pekee: kufungua shauri la kazi peke yake hakukilindi. Waulize uhamiaji mapema.

Jibu la pili

Naunga mkono, na ninaongeza kwamba uombe mkalimani tangu siku ya kujaza fomu. Usimtumie mfanyakazi mwenzako, kwani huenda baadaye akahitajika kuwa shahidi.