Mkonga umepauka rangi ya kiwandani: mkono, mashine, kliya au nta ya nyuki?

MtuWaGungu (Kigoma)
Mwakeye wakuu. Mwezi uliopita nimechukua Land Cruiser mkonga (ile yenye bomba la hewa lililopanda ubavuni) mnadani, nyeupe, ilikuwa ya shirika moja lililokuwa likihudumia kambi za wakimbizi huku kwetu. Injini haina neno. Tatizo ni sura. Ukipitisha kiganja kwenye boneti unatoka na unga kama mwalimu aliyefuta ubao. Halafu mlango wa kushoto una kivuli cha nembo. Stika yenyewe ilibanduliwa zamani, ila pale ilipokuwa pamebaki panang'aa na kwingine kote kumepauka, kwa hiyo herufi zinasomeka vizuri tu. Juzi nimeegesha Mwanga sokoni, mama mmoja kanifuata kuuliza mablanketi tunagawa lini.

Sitaki kuipaka upya. Nimezunguka bodi nzima na sumaku, hakuna puti (ile ya kuzibia mabonde) popote, rangi ni ile iliyotoka nayo kiwandani. Nimeshauriwa hivi:
– fundi wa hapa anasema apige msasa kidogo, amwage kliya (ile vanishi angavu isiyo na rangi) juu, itakuwa kioo
– mwingine ana mashine, anasema nusu siku tu
– jirani anasema dizeli na tambara, pesa nisipoteze
– au nihangaike mwenyewe kwa mkono

Aliyefanya aseme alifanya nini na kilikaa muda gani. Maneno ya kwenye chupa nimeshayasoma.

DerevaWaUvinza
Dizeli nimepaka miaka mingi, lori la chumvi. Jumamosi jioni linawaka utadhani limetoka bandarini jana. Jumatatu ukifika Uvinza limegeuka chapati, vumbi jekundu lote limekaa juu ya mafuta na halitoki kwa maji matupu. Ukisugua, lile vumbi ni msasa. Na ukilifikiria vizuri, hukurudisha rangi, umeilowesha tu. Hata jiwe likiloa linapendeza.

FundiIsevya (Tabora)
Dereva kamaliza habari ya dizeli, sirudii.

Mleta mada, kabla ya kuchagua njia, jua rangi yako ni ya aina gani. Chukua kitambaa, tia polishi kidogo, sugua mahali pasipoonekana. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, hapo hakuna kliya, rangi yenyewe ndiyo inayong'aa. Kikitoka na uchafu tu, juu kuna kliya na hadithi inabadilika. Wewe gari lako ni jeupe, tumia kitambaa cheusi, usije ukakodolea kitambaa cheupe mpaka magharibi. Ila kwa huo unga unaousema, karibu nina uhakika haina kliya.

Unga unatokana na nini? Weupe wa rangi ni chembe za titaniamu dioksaidi zilizoshikwa na gundi. Jua likizipiga chembe zile, zenyewe zinasaidia kuila gundi iliyozizunguka. Gundi ikiisha juu, chembe zinabaki hazina wa kuzishika, ndiyo hiyo chaki mkononi mwako. Stika ilifunika jua, gundi ya pale ikapona. Kwa hiyo chini ya unga rangi ipo hai. Kazi ni kuondoa kilichokufa, na kuondoa hicho tu.

Na hapo ndipo watu wanapoharibu. Rangi ya kiwandani, pamoja na praima (rangi ya msingi inayokaa chini), kwa kawaida ni mikroni 100 mpaka 150. Karatasi ya fotokopi ni kama mikroni 100. Una karatasi moja na kidogo juu ya bati, na sehemu yake ni praima. Anayekwambia "msasa kidogo" muulize kidogo ni kiasi gani.

Kliya juu ya rangi iliyopauka: asipopiga msasa wa kutosha haishiki, ndani ya misimu michache inaanza kubanduka maganda kwenye paa na boneti. Akipiga wa kutosha, kaila ile rangi unayotaka kuitunza. Kazi hii naifanya, inanilisha, lakini kwa gari la namna yako ningekukatalia. Zaidi ya hapo kliya ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuikausha na kuikaza) ina kemikali ya isosayaneti, inaharibu mapafu, na vijana wengi tunawaona wanapuliza na leso mdomoni.

Kijana_Kibirizi
Mimi nilienda na mashine, na niseme ukweli, "mashine" ilikuwa grainda. Fundi alifunga sponji kwenye grainda ya kukatia vyuma. Ile kitu inazunguka mara 11,000 kwa dakika! Dakika tano za mwanzo boneti ilikuwa tamu, nikampigia mke wangu simu aje aone. Alipofika fundi alikuwa kwenye ule mkunjo wa katikati ya boneti, na ule mkunjo ulikuwa wa kijivu. Praima. Mstari mzuri kabisa kama wa rula, urefu wa mkono. Mke wangu akauliza kama ndiyo mapambo.

FundiIsevya
Pole sana. Hiyo siyo mashine ya polishi. Ya polishi ina kidhibiti cha mwendo, kwa rangi za zamani hatuvuki 1,500 hivi, na pedi hailali sehemu moja, la sivyo joto linaunguza. Zipo pia zile zinazozunguka huku zinatikisika, hizo ni salama zaidi kwa anayejifunza, ingawa taratibu. Kwenye mikunjo na kingo unabandika tepu ya karatasi kabla hujaanza, kwa sababu rangi hukaa nyembamba zaidi hapo. Kingo unamalizia kwa vidole.

BintiUjiji
Naongezea upande wa mkono kwa sababu naona hakuna aliyeufanya.

Baba alituachia Peugeot 504 pikapu, nyekundu, au iliyowahi kuwa nyekundu. Ilikuwa imefikia rangi ya tofali. Nilitumia Jumamosi nne. Nyekundu ni ngumu kuliko nyeupe, maana jua linaua hata rangi yenyewe, siyo gundi peke yake, na niliogopa kwamba huenda chini hakuna kitu. Kilikuwepo.

Nilichofanya: kuosha kwa maji mengi kwanza, bila kusugua, mpaka ndoo ya mwisho itoke safi. Vumbi la huku mnalijua. Sabuni ya unga sikutumia, inakausha. Kisha gari ndani ya kivuli, bati lipoe mpaka uweze kulaza mkono. Halafu usiku mmoja kabla ya kukwangua chochote nilipaka polishi ile ya mafuta mengi isiyo na mchanga, Meguiar's namba 7, nikaletewa kutoka Dar, nikasugua sana kwa taulo na kuiacha inyonye mpaka asubuhi. Rangi kavu ina kiu. Asubuhi ilikuwa imekolea hata kabla sijaanza kazi yenyewe.

Kazi yenyewe ni kompaundi (dawa ya kusugulia yenye chembe) laini, siyo ile ya chembe kubwa, na eneo la ukubwa wa sahani, siyo mlango mzima. Unasugua mpaka ukungu ule uondoke, unafuta, unahamia pembeni. Kitambaa kikishiba rangi unageuza upande, pande zote zikiisha unachukua kingine. Ukiendelea na kilichoshiba unarudisha chaki ulikoitoa. Nilikuwa na vitambaa vyekundu kumi na vitano vimeanikwa kwenye kamba, jirani akaja kuuliza nani kachinjwa.

Mwisho nta, mipako miwili myembamba. Huu ni mwezi wa nane tangu nipake, bado maji yanakaa juu kama shanga. Paa ndilo limeanza kuchoka.

NtaNaAsali (Sikonge)
Nta gani dada? Maana sisi tunaishi juu ya nta na mnaagiza makopo. Nta ya nyuki unaiyeyusha ndani ya sufuria iliyokaa kwenye maji ya moto, unaipua, unapeleka mbali na jiko, ndipo unachanganya na tapentaini mpaka iwe kama siagi. Usichanganye moto ukiwa karibu, tapentaini inashika haraka. Mimi napaka Land Rover yangu, napaka meza, napaka na viatu.

BintiUjiji
Kanauba, kaka. Ya kopo. Samahani kwa nyuki.

FundiIsevya
Nta ya nyuki naiheshimu, na kwenye meza haina mpinzani. Tatizo ni joto. Inayeyuka kwenye nyuzi 63 hivi. Kanauba, ambayo inatoka kwenye majani ya mti fulani wa Brazili wa jamii ya mnazi, inafika 80 na kitu. Boneti saa nane mchana mwezi wa tisa, gusa uone. Nta ya nyuki haitatiririka, lakini inalainika, na ikilainika vumbi linazama ndani. Unarudi kwenye chapati ya Dereva.

NtaNaAsali
Land Rover yangu inalala kwenye kivuli.

FundiIsevya
Cha mwembe?

NtaNaAsali
Cha mwembe.

FundiIsevya
Basi utomvu na popo wanafanya kazi iliyobaki 😄 Kinyesi cha ndege na popo kikikauka juani kinaacha doa hata kwenye rangi nzima. Futa siku hiyo hiyo, kwa maji, usikwangue na ukucha. Kwa haki ya mzee wa asali: chini ya turubai au banda, nta yake inafaa. Changanya na kanauba kidogo ukiipata.

Kijana_Kibirizi
Na gari langu lenyewe sasa? Ule mstari.

FundiIsevya
Praima hairudi kwa polishi mkuu. Tafuta rangi inayofanana, upakwe boneti peke yake. Namba ya rangi ipo kwenye kibati ndani ya chumba cha injini, usimpe fundi akadirie kwa macho.

MtuWaGungu
Nimerudi. Niliamua mkono, nikaanza na ule mlango wa nembo kwa sababu ndio unaonitia aibu. Kitambaa cheusi kilitoka cheupe, fundi ulikuwa sahihi.

Saa ya kwanza sikuona kitu zaidi ya jasho. Saa ya pili, nikiwa karibu na kitasa, nilifuta nikaona vidole vyangu ndani ya mlango. Havikuwa wazi sana, kama kwenye maji ya ziwa asubuhi, lakini vilikuwa vyangu. Nikamwita mwanangu, akaweka daftari lake karibu na bati akasoma jina lake kinyumenyume.

Shida: herufi bado zipo. Ukisimama mbele huzioni, ukisimama kwa ubavu na jua linatoka upande, zinasomeka. Niendelee kusugua?

FundiIsevya
Acha hapo hapo. Mwanzo ulikuwa unaona tofauti ya kupauka, hiyo umeiondoa. Sasa unachoona ni kimo. Pale chini ya stika rangi haikuliwa na jua, kwa hiyo ni nene kidogo kuliko jirani yake. Ukitaka zilingane itabidi uisage ile nzima ifike chini ilipo mbovu. Utaipata praima kabla hujamaliza herufi ya tatu.

DerevaWaUvinza
Bandika stika nyingine juu. Weka jina la mtoto.

MtuWaGungu
Hahaha, mama wa sokoni atakuja kuomba daftari. Naziacha. Jumamosi naingia kwenye boneti, nimeshanunua tepu ya kingo. Dada wa Ujiji, ile polishi ya mafuta ilibaki?

BintiUjiji
Robo chupa. Pitia uchukue, na vitambaa kumi na vitano pia, vimeshafuliwa. Kwenye gari jeupe vijaribu kwanza mahali pasipoonekana, sijui kama wekundu wote umetoka.